Mzigo Aubebe Mtoaji

Kuna neno moja ambalo vijana wetu wa kompyuta hulitamka kwa wepesi mno, nalo ni "wahame". Mtu akiwa na programu ya zamani, ahame. Akiwa na mashine isiyoweza kupokea toleo jipya, ahame. Shule isiyo na fungu la kununulia kompyuta nyingine, nayo ihame. Wahamie wapi, kwa nauli ya nani, na mizigo njiani aibebe nani, hayo hayaulizwi. Nia yangu katika kurasa hizi ni kulipinga neno hilo. Nitalipinga kwa mfano mdogo uliotoka ndani ya kazi yao wenyewe, wasije wakasema kwamba mzee huyu wa Kasokola anazungumza asiyoyajua.

Mfano wenyewe ni huu. Mtu anapoandika kifurushi cha programu kwa lugha ya TypeScript na kukitoa kwa umma, je, akitoe katika muundo mmoja wa moduli au katika miundo miwili? Vijana wengi siku hizi husema mmoja, ule mpya. Mimi nasema miwili, mpaka itakapodhihirika kwamba wanaoutegemea ule wa zamani wamekwisha kuvushwa. Na sababu yangu si mapenzi ya vitu vya kale. Sababu yangu ni hesabu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuigusa kazi hii, nieleze kwanza mambo yalivyo. Programu haiandikwi yote na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandishi huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, kama seremala anavyonunua bawaba na komeo dukani badala ya kuzifua mwenyewe. Kipande cha namna hiyo, kikiisha kufungwa vizuri na kuwekwa katika ghala la pamoja kwenye intaneti, ndicho kinachoitwa kifurushi, wala si hiki kifurushi cha dakika tunachonunua kwa simu. Kwa lugha ya JavaScript, ghala kubwa kuliko yote ni npm, lililoanza mwaka 2010. Humo mtu huweka kazi yake bure, na mwingine asiyemjua, aliye Mpanda au Mombasa au Toronto, huichukua na kuitumia.

Sasa, JavaScript yenyewe ilizaliwa mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, ikaundwa na Brendan Eich kwa ajili ya kurasa za kwenye kivinjari. Ilizaliwa bila utaratibu wowote wa faili moja kuliita faili jingine. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, iliyoiwezesha lugha hiyo kufanya kazi nje ya kivinjari, na mwaka huohuo watu wakakubaliana juu ya utaratibu ulioitwa CommonJS, ambao neno lake la kuitia ni require. Vifurushi kwa maelfu viliandikwa hivyo. Kisha mwaka 2015 ikatoka sanifu rasmi ya lugha, ikiwa na utaratibu wake yenyewe, ambao maneno yake ni import na export. Tangu hapo nyumba moja ikawa na milango miwili.

Na milango hiyo haifanani. Utaratibu wa zamani hulisoma faili papo hapo, programu ikiwa imesimama inasubiri, kwa kuwa hudhani faili limo katika diski ileile. Utaratibu sanifu ulibuniwa kwa kufahamu kwamba faili laweza kuwa ng'ambo ya bahari, likafika kwa mtandao. Hivyo hutaja mahitaji yake yote mapema na kuyangoja. Kwa sababu hiyo faili jipya liliweza kuliita la zamani bila taabu kubwa, lakini la zamani lilipoliita jipya kwa require, lilifungiwa mlango na kuandikiwa kosa liitwalo ERR_REQUIRE_ESM. Ulikuwapo mlango wa uani, lakini aliyeupitia alilazimika kuandika upya sehemu kubwa ya kazi yake. Kijana alipobisha, mzee alifungua. Mzee alipobisha, aliambiwa arudi akajipange.

Sisi wa Katavi hatuna haja ya kufundishwa maana ya jambo hilo, maana tunayo reli. Tawi letu la kutoka Mpanda hadi Kaliua lilijengwa zamani za ukoloni kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na upana wake ni mita moja, sawa na reli ya kati inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Behewa la mahindi likitoka Mpanda, likifika Kaliua huungwa na kuendelea na safari, gunia likiwa limelala palepale lilipopakiwa. Lakini TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, kwa kuwa ilikusudiwa kuungana na reli za Zambia na za kusini. Reli hizo mbili zinakutana Kidatu, mkoani Morogoro. Tofauti yao ni milimita 67, ambazo hazifiki urefu wa kidole cha mtu mzima. Kwa ajili ya kidole hicho, mzigo hauna budi kushushwa behewa hili na kupandishwa behewa lile. Na sasa tumejenga reli ya tatu, ya milimita 1,435, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024.

Silalamikii reli. Aliyechagua mita moja alikuwa na sababu zake, aliyechagua 1,067 alikuwa na zake, na anayejenga mpya anazo zake. Hali kadhalika CommonJS na utaratibu sanifu: hakuna mjinga kati ya waliovibuni. Ninachosema ni kwamba tofauti ya vipimo ikiisha kuwapo, lazima pawe na mtu wa kuibeba, na swali la haki ni nani. Reli ikiisha kulazwa, kuipanua ni kazi ya mabilioni na ya miaka, hivyo mpagazi wa Kidatu atabeba. Lakini programu si chuma wala si kokoto. Mwandishi wa kifurushi anaweza, kwa kazi ya siku moja, kutengeneza behewa linalopita reli zote mbili. Akikataa kufanya hivyo, ajue kwamba amewaajiri wapagazi elfu bila kuwalipa.

Nalisema hili kwa kuwa nimeliona. Mjukuu wangu mmoja aliandika kifurushi kidogo cha kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Ukikipa 45,500 kinakurudishia "elfu arobaini na tano mia tano". Ni kitu kidogo, lakini yeyote aliyewahi kuandika stakabadhi anajua kwamba kiasi huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno pia, na kwamba hapo kwenye maneno ndipo makarani wanapochoka na kukosea. Shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, ilikuwa na programu ya kutolea stakabadhi za michango, iliyoandikwa mwaka 2019 na mwalimu wao wa hisabati kwa utaratibu wa zamani. Nayo ilikitumia kifurushi hicho.

Mjukuu wangu akatoa toleo jipya, la muundo sanifu pekee. Miezi michache baadaye diski ya kompyuta ya shule ile ikafa. Mwalimu akaweka diski nyingine, akaipanga programu yake upya, na pasipo kujua akachukua toleo jipya la kifurushi. Programu ikakataa kuwaka. Ilikuwa siku ya wazazi. Mama aliyetoka kijijini kwa baiskeli, fedha zikiwa zimefungwa kwenye pembe ya khanga, aliambiwa aziache fedha na stakabadhi aifuate wiki ijayo. Akakataa kuziacha, na alikuwa na haki ya kukataa. Akarudi nazo nyumbani. Fedha iliyorudi nyumbani, ndugu msomaji, wewe na mimi tunajua kwamba haikai ikisubiri.

Nilipomweleza kijana, alinijibu kwa adabu, "Babu, wangepanda tu toleo jipya la Node." Hakujua kwamba kompyuta ile inatumia Windows 7, na kwamba Node.js tangu toleo la 14, lililotoka mwaka 2020, haikubali tena Windows 7. Kupanda toleo kulimaanisha kununua kompyuta. Na kununua kompyuta kulimaanisha kikao cha bodi, nukuu tatu za bei, na bajeti ya mwaka ujao. Hivyo ndivyo neno "wapande tu" linavyorefuka likitoka katika kinywa cha aliye juu na kufika katika sikio la aliye chini.

Najua hoja za upande wa pili, na ni haki nizitaje kwa nguvu zake zote.

Hoja ya kwanza ni kwamba mwandishi anajitolea. Halipwi, hivyo asitwikwe. Hii ni hoja nzito, nami namheshimu anayeitoa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini anayechimba kisima cha kijiji kwa kujitolea hapewi ruhusa ya kukifunika usiku bila kuwaambia wachotaji. Hakulazimishwa kuchimba. Ameisha kuchimba, watu wamekwisha kuvunja mitungi ya mvua waliyokuwa nayo wakimtegemea yeye, na hapo wajibu umezaliwa. Aidha, mzigo wenyewe ninaousema si mkubwa, kama nitakavyoonyesha.

Hoja ya pili ni kwamba kompyuta za zamani ni hatari, na kuzihudumia ni kuwabembeleza watu wakae katika hatari. Kuna ukweli hapo. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 mnamo Januari 2020, na mashine ya namna hiyo haifai kuunganishwa na intaneti. Lakini ile ya stakabadhi imekaa mezani kwa karani, haina mtandao siku nyingi, na kazi yake ni moja. Kuifungia mlango hakukuipatia shule kompyuta mpya. Kuliirudisha kwenye daftari na kalamu. Nani basi aliyeondolewa hatarini?

Hoja ya tatu ndiyo ya kitaalamu, nayo inahitaji uangalifu. Wanasema kutoa miundo miwili kunaleta balaa la nakala mbili. Kifurushi kikitoka kikiwa na mwili wa zamani na mwili mpya, programu moja kubwa yaweza kuipata miili yote miwili kwa wakati mmoja: sehemu yake moja imeita kwa require, nyingine kwa import. Chukua kifurushi kinachohesabu namba za stakabadhi. Mwili wa kwanza unasema tumefika stakabadhi ya 101. Mwili wa pili, usiojua lolote juu ya mwenzake, nao unasema 101. Wazazi wawili, namba moja. Mkaguzi akija, karani hana la kueleza.

Balaa hilo ni la kweli, na wanaolitaja hawasemi uongo. Lakini dawa yake inajulikana nayo si ngumu. Kama kifurushi kina kitu cha kukumbuka, yaani hesabu, orodha au mipangilio, basi mwili uwe mmoja tu, kwa muundo wa zamani, na muundo mpya uwe kizingiti chembamba kinachompokea mgeni na kumwingiza katika chumba kilekile. Milango miwili, chumba kimoja. Na kama kifurushi hakikumbuki kitu, kama hiki cha kugeuza tarakimu kuwa maneno, nakala mbili hazina dhara. Arobaini na tano ni arobaini na tano kwa mlango wowote.

Na hapa ndipo ninapowashika vijana wa TypeScript kwa mkono na kuwaambia: ninyi hamna udhuru wanaoweza kuwa nao wengine. Lugha yenu, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, haiendeshwi kama ilivyoandikwa. Sharti igeuzwe kwanza kuwa JavaScript. Mgeuzaji ni mashine. Mashine ikiisha kuagizwa kutoa muundo mmoja, kuiagiza itoe na wa pili ni mistari michache. Mnaandika mara moja, inachapa mara mbili. Mwalimu aliyewahi kuandika mtihani kwa mkono kwenye stensili na kuuzungusha kwenye mashine ya wino anajua thamani ya neema hiyo, na anashangaa kumwona aliyeipata akilalamika kwamba kuzungusha mara ya pili kunachosha.

Kazi inayobaki ni ya unadhifu tu. Katika faili liitwalo package.json kuna orodha ya milango, nayo ni exports. Hapo mwandishi anatangaza: anayekuja kwa import aende huku, anayekuja kwa require aende kule. Mpangilio wa maandishi ni muhimu, kwa kuwa orodha husomwa kutoka juu kwenda chini na jibu la kwanza linalofaa ndilo linalochukuliwa. Kwa hiyo maelezo ya aina za data, ambayo ndiyo fahari ya TypeScript, yatangulie katika kila mlango. Tena kila mlango uwe na maelezo yake, lenye mwisho wa .d.mts kwa faili la .mjs, na lenye mwisho wa .d.cts kwa faili la .cjs, la sivyo mgeni ataelekezwa vyumba visivyokuwapo. Na ule mstari wa zamani uitwao main usifutwe, kwa kuwa Node za zamani sana haziijui orodha ya exports. Huangalia main peke yake. Mwisho, kabla ya kutoa, kifurushi kifungwe kama kitakavyosafirishwa, kifunguliwe katika folda tupu, na kijaribiwe kwa programu mbili ndogo, moja ya require na moja ya import. Anayepika pilau ya wageni huonja kabla ya kupakua.

Hayo yote ni kazi ya siku moja kwa anayejifunza, na ya saa moja kwa aliyezoea. Sasa fanyeni hesabu. Upande mmoja wa mizani kuna siku moja ya mtu mmoja, anayeijua kazi yake, mwenye kompyuta nzuri na intaneti. Upande wa pili kuna kila aliyekichukua kifurushi kile, kila mmoja akitafuta peke yake chanzo cha kosa asilolielewa, katika programu ambayo pengine aliyeiandika amekwisha kuhamishwa kituo. Hata wakiwa ishirini tu, mizani imelala. Na haijali idadi tu. Inajali nguvu pia, kwa kuwa siku moja ya mwenye nguvu haigharimu sawa na siku moja ya asiye nazo.

Msinielewe vibaya kwamba nataka milango miwili idumu milele. La. Kila jambo lina mwisho wake, na mwisho wa hili umeanza kuonekana. Mwaka 2021 vifurushi vinavyotumika sana, kama chalk na node-fetch, vilitoa matoleo mapya ya muundo sanifu pekee. Lakini angalau walibadili namba ya kwanza ya toleo, ambayo kwa desturi ya kazi hii ndiyo inayoonya kwamba mambo yamebadilika, na matoleo ya awali yakabaki ghalani kwa anayeyahitaji. Kisha wenye Node.js wakajenga daraja lenyewe: tangu toleo la 22.12 la Desemba 2024, na 20.19 la mwaka 2025, faili la zamani linaweza kuliita jipya kwa require bila kufungiwa, mradi lile jipya halina kusubiri katika ngazi yake ya juu. Yaani mzee naye sasa anabisha na kufunguliwa.

Kwa hiyo anayeanza kifurushi kipya leo, akijua kwamba watumiaji wake wote wako juu ya daraja hilo, atoe muundo sanifu peke yake. Sina ugomvi naye. Lakini aliyekwisha kuwapa watu kitu, afuate utaratibu wa kiungwana. Kwanza atangaze. Pili asubiri, si wiki mbili, bali muda unaotosha bajeti moja kupita. Tatu abadili namba ya kwanza ya toleo, na aliache la zamani mahali pake. Kisha afunge mlango. Wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Nami naongeza kwamba hata msala ukiwa umekuja kukaa, mbachao haung'olewi chini ya mtu aliyesujudu.

Pengine utauliza kwa nini mwalimu mstaafu apoteze wino kwa jambo dogo hivi. Ni kwa sababu nimeishi kazini katika jambo hilohilo likiwa kubwa. Tangu mwaka 1967 watoto wetu wanafundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakiingia sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza. Mifumo miwili, kila mmoja na sababu zake, na katikati yake amesimama mtoto wa kidato cha kwanza. Nimewapokea wengi. Aliyekuwa akieleza usanisinuru kwa ufasaha mwezi Septemba, Januari anakaa kimya dawati la nyuma, na mwalimu mgeni anaandika kwamba hana akili. Hakuna aliyemnyang'anya akili. Ni kwamba tofauti ya mifumo iliachwa ibebwe na aliye mdogo kuliko wote waliohusika. Walimu wazuri niliowafahamu waliikataa dhambi hiyo: waliingia darasani na lugha zote mbili, wakaeleza huku na huku mpaka mtoto akavuka. Walichoka wao ili mtoto asichoke.

Huko ndiko kufundisha, na huko ndiko kutoa. Kijana uliyesoma, unayeandika kwa lugha ambayo wazee wako hawakuijua, na kazi yako inafika mahali ambapo miguu yako haitafika: kabla hujaandika "wahame", hesabu kwanza wangapi, na wanahama kwa nauli gani. Kama nauli unayo wewe, na kwako ni siku moja tu, walipie.